Mursik ya Pipa la Buluu

Kipruto alikuwa amempa Kimeli sheria moja tu: siku ya koito, yaani ya kuzungumzia mahari, kijana anayeoa hana mdomo. "Utakula, utacheka wazee wakicheka, na ukiulizwa kama msichana ni huyu, utaitikia na kichwa. Hayo mengine niachie mimi," alimwambia wakiwa bado Chebunyo, kabla gari halijatoka uani. Kimeli hakuwa na baba tena, na huyu baba mdogo wake ndiye aliyebaki wa kumsemea mbele ya wakwe, kwa hiyo aliahidi. Ahadi ni deni. Hili lilimshinda kulilipa kabla hata ya chakula cha mchana.

Kunyamaza kwenyewe hakukumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni kazi yake. Kimeli aliajiriwa na kampuni ndogo ya mjini Kericho iliyozunguka mashamba ya chai, viwanda na mashamba ya ngano, ikikusanya vitu ambavyo hakuna mtu mwenye akili angependa kulala navyo nyumba moja: mitungi ya dawa za kunyunyizia, mafuta machafu ya mitambo, betri zilizokufa, asidi. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyoweza kueleza. Kila alama iliyobandikwa kwenye pipa aliijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wa jirani. Lakini jaribu wewe kusimama mbele ya baba wa msichana useme kwamba unaishi kwa takataka! Katika arusi ya binamu yake mtu mmoja aliwahi kumtambulisha kama "yule wa uchafu," na hema zima likacheka hadi mshereheshaji akasahau anataka kusema nini.

Nelvine mwenyewe hakuona aibu yoyote. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia chai huko Mogogosiek, na walifahamiana siku Kimeli alipokuja pale kuwaomba wakulima wasuuze chupa zao za dawa mara tatu, wazitoboe, kisha wampe azipeleke. Nelvine alicheka kwanza, halafu akawa wa kwanza kuleta chupa. "Waambie tu ukweli," alimsihi wiki hiyo kwa simu. "Si wizi."

Kipruto hakutaka kusikia. "Tutasema ni ofisa wa mazingira," alitoa hukumu. "Nani atauliza ni mazingira ya wapi?"

Basi wakafika Mogogosiek, wazee, mama wawili watatu na vijana wa kumsindikiza, wote wakiwa wamevaa nguo zinazobana. Boma la Zacheus, baba wa Nelvine, liko chini kidogo ya barabara, na chai imelizunguka pande zote hadi karibu na dirisha la jikoni. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, nguzo zake zimezungushiwa mtambaazi wa sinendet, ule wa sherehe. Zacheus aliwapokea kwa "chamgei" ya sauti kubwa na mkono mzito wa mtu aliyechuma chai maisha yake yote.

Msemaji wa ukoo wa msichana alikuwa mzee Chepyegon, mwembamba, mwenye macho ya kucheka hata mdomo wake ukiwa umefungwa. "Watu wa Chebunyo, karibuni," alisema. "Naona mmekuja na vumbi lenu. Msijali, mvua yetu itawaosha saa nane."

"Tuoshe, mzee," Kipruto akajibu papo hapo. "Lakini uniambie kitu kimoja. Hii chai yote mpaka kwa dirisha, hiyo ng'ombe yenu inakula wapi? Ama mmewafundisha kunywa chai?"

Watu wakaangua kicheko, na Kimeli akahisi mabega yake yakishuka. Siku ilikuwa imeanza vizuri. Zacheus alipouliza kijana anafanya kazi gani, Kipruto alijibu "mazingira" kwa sauti ya mtu anayetaja wizara, na Zacheus akainamisha kichwa kwa heshima. Kutoka mlango wa jikoni Nelvine alimtupia Kimeli jicho moja kali, akarudi ndani.

Sasa, koito haianzi kwa ng'ombe. Wazee hawawezi kufungua mdomo juu ya mahari kabla wageni hawajapewa mursik, maziwa yale ya kulazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet. Hiyo ndiyo karibu yenyewe. Na katika mambo ya mursik, Priscillah, mama wa Nelvine, hakuwa mtu wa kawaida. Maharusi waliahirisha tarehe kwa sababu Priscillah hana nafasi. Mgeni aliyeacha tone moja ndani ya kikombe chake hakualikwa tena. Aliyekataa kikombe chenyewe, bado alikuwa hajazaliwa.

Wanawake wakaanza kuimba jikoni. Mlango ukafunguka, na badala ya vibuyu, wakatoka watu wanne wakibeba pipa. Lilikuwa pipa la plastiki, la buluu, sehemu ya juu imekatwa kwa msumeno, limefunikwa kwa kitambaa cheupe na kuvikwa sinendet shingoni kama bibi arusi.

"Wageni ni wengi, na vibuyu vya mama havingetosha," Zacheus alieleza akiwa na furaha. "Nikasema, mgeni wa Chebunyo asikuje kwangu akunywe nusu kikombe. Hii nilitoa Mulot."

Hema likapiga makofi. Kimeli naye alikuwa amekwisha inua mikono apige, ndipo pipa lilipogeuzwa kidogo ili liketi sawa, na akaona ubavu wake.

Palikuwa na stika. Jina la dawa lilikuwa limechubuka, lakini alama haikuguswa: umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha moja, na ndani yake samaki na mti usio na jani hata moja. Kando yake palikuwa na kona tu ya stika nyingine iliyobanduliwa. Kimeli alijua ni stika gani hukaa hapo. Ni ya fuvu. Mapipa kama hilo alikuwa akiyapakia kila msimu kutoka mashamba ya ngano, upande wa kuelekea Narok, akiwa amevaa glavu hadi kwenye viwiko.

Alimwinamia Kipruto sikioni. "Baba mdogo, hiyo pipa ilikuwa ya sumu."

"Nyamaza," Kipruto alisema bila kusogeza midomo.

"Watakufa watu."

"Hata wewe utakufa, nikikushika. Nyamaza!"

Priscillah mwenyewe alikuwa ametoka. Alikuwa mama mrefu, mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya dhahabu, na alichota kwa kata ya kibuyu taratibu, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mursik ilitoka nzito, yenye rangi ya majivu mepesi. Alijaza kikombe cha kwanza akampa Chepyegon, kwa kuwa mwenyeji mkubwa hutangulia ili mgeni aone hakuna ubaya. Kimeli akamtazama Nelvine pale mlangoni. Akifungua mdomo sasa, atakuwa amemtukana mama mkwe mbele ya koo mbili, na msichana yule huenda asiwe wake kamwe. Asipoufungua, hakutakuwa na mtu wa kumpa msichana. Chepyegon aliinua kikombe.

"Msinywe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kikombe kilisimama hewani, chini kidogo ya masharubu ya mzee. Uimbaji ulikatika. Kipruto alijishika paji la uso.

"Samahani, wazee. Samahani, mama," Kimeli alisema, na alikuwa amesimama bila kujua ni lini aliinuka. "Hiyo mursik isinywewe. Pipa hilo lilibeba dawa ya kunyunyizia ngano. Ni sumu. Mzee, tafadhali weka kikombe chini."

Chepyegon akakiweka chini. Si kwa sababu aliamini, ila mtu akisikia neno sumu akiwa na kikombe mdomoni, mkono hujiamulia wenyewe.

Zacheus ndiye aliyelipuka. "Sumu gani? Hii pipa niliuziwa na mtu mimi najua! Ilikuwa ya mafuta ya samaki. Samaki si huyo hapo? Wewe umeona wapi samaki akichorwa kwa sumu?"

"Mzee, huyo samaki amekufa."

"Kila samaki ya mafuta imekufa!"

Mtu mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Chepyegon aliinama, akaitazama stika kwa makini. "Na huu mti, Zacheus?"

Zacheus alifikiri. "Mti ni kuni. Ya kukaanga huyo samaki."

Hapo hata wanawake wa jikoni walishindwa kujizuia. Lakini Priscillah hakucheka. Aliweka kata juu ya kitambaa, akamsogelea Kimeli hadi kijana akalazimika kuinua uso kumwona.

"Kijana," alisema kwa upole uliotisha kuliko kelele za mumewe. "Hiyo pipa niliosha na sabuni. Nikaosha na maji moto. Halafu nikachoma senetwet, nikapaka mkaa ndani yote mpaka ikakuwa nyeusi kama usiku. Gogo wangu, mama ya mama yangu, aliniambia senetwet haiachi uchafu ndani ya chombo. Sasa wewe unasema gogo wangu alikuwa mwongo?"

Kimeli angeweza kueleza habari za kemikali hadi mvua ya saa nane, na asingemshawishi hata kuku. Alitazama mikono ya yule mama, vidole vilivyokuwa bado na weusi wa mkaa kwenye kucha, akaona kwamba aliyesimama mbele yake anajua vyombo kuliko yeye.

"Gogo hakudanganya, mama," alisema. "Nikuulize tu. Kibuyu kipya, kikitoka shambani, ukikiosha mara moja ukaweka maziwa, itakuwaje?"

"Itakuwa chungu. Hiyo hata mtoto anajua."

"Na ukiosha mara ya pili?"

"Bado chungu. Kibuyu haiachi uchungu yake siku moja. Inakunywa, inashikilia ndani ya ngozi, halafu inarudisha pole pole kwa maziwa. Ndiyo maana mtu anaosha wiki nzima, na..."

"Hata plastiki inakunywa, mama," Kimeli alisema. "Na hii ilikunywa kitu ambacho hata ukiosha mwaka mzima itarudisha."

Priscillah alikuwa akilitazama pipa, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayehesabu upya jambo alilokwisha lifunga.

"Kulikuwa na harufu," alisema mwishowe, si kwa Kimeli, bali kwa mumewe. "Jana jioni. Nikasema ni upya wa pipa. Nikaongeza mkaa."

Kimeli alimhurumia. Lakini lilikuwapo swali ambalo halingeweza kungoja. "Mama, kuna mtu yeyote ameonja?"

Kiburi kidogo kikarudi. "Kwangu hakuna mtu anaonja mbele ya wageni. Hata mimi. Mpishi wa kuonja-onja ni mpishi wa shaka."

"Mungu asifiwe," akasema Kimeli, na ndipo alipokumbuka kupumua.

Angeketi sasa, mambo yangeisha kwa aibu ndogo tu. Lakini Zacheus alikuwa amejaa hasira ambazo hakujua azielekeze wapi: kwa muuzaji wa Mulot, kwa samaki, kwa kijana huyu, au kwake mwenyewe. Hasira hasara. Alilishika pipa kwa mikono yote miwili. "Kama ni sumu, basi imwagwe!" akanguruma, akaanza kulisukuma kuelekea mtaro ulio kando ya hema. Mtaro ule hushuka moja kwa moja katikati ya chai hadi kwenye chemchemi ambako nusu ya kijiji huchota maji.

"Mzee, usimwage!"

"Sasa unataka nini? Isinywewe, isimwagwe! Tuioe?"

Pipa lilikuwa limekwisha inama. Kimeli hakufikiri tena. Aliruka viti viwili, akalikumbatia kwa mikono na magoti, na suti yake ya siku kuu ikapokea mursik iliyoruka kutoka juu. Walibaki hivyo kwa kitambo, mkwe na mkwe, wakisukumana na pipa lililovaa sinendet, mbele ya macho ya koo mbili. Vijana wote wenye simu walizitoa. Mwishowe Zacheus aliachia, si kwa kushindwa nguvu, ila kicheko kilikuwa kimemvamia bila ruhusa, na kicheko na hasira havikai tumbo moja.

Kimeli alitoa simu kwa vidole viwili. Mwenzake wa kazini, Winny, alikuwa karibu. Kimeli alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyempangia Winny zamu hiyo ili yeye mwenyewe apate kuja kuoa.

"Winny, uko wapi?"

"Niko hapa tu kiwandani, napakia mafuta chafu. Si wewe uko kwa koito?"

"Leta kanta. Kuna pipa moja."

"Ya nini?"

Kimeli alishusha sauti. "Mursik."

"Boss, umelewa?"

Kanta, lori dogo la kampuni, ilipoteremka kwenye boma la Zacheus ikiwa na mabango yake ya rangi ya machungwa, fuvu mbele na fuvu nyuma, kina mama waliwavuta watoto na wazee waliinuka kuona. Winny alishuka akiwa na buti na ovaroli, msichana mfupi mwenye amri nyingi. Hakusalimia mtu kabla hajaitazama stika, halafu kile kikombe, halafu suti ya Kimeli.

"Toa nguo," alisema.

"Winny, hapa ni kwa wakwe."

"Ni wewe uliniandikia hiyo sheria. Nguo ikishika sumu, inatoka, haibembelezwi. Toa!"

Basi bwana arusi akavuliwa nguo nyuma ya tangi la maji, vijana wawili wa Chebunyo wakiwa wamemshikia blanketi, nao wanacheka hata blanketi linatikisika. Alijimwagia maji na sabuni, ambayo ilipitishwa juu ya blanketi na mkono alioufahamu.

"Si nilikuambia?" sauti ya Nelvine ilisema upande wa pili.

"Uliniambia niseme kazi yangu. Hukuniambia nivue suruali."

"Sema sasa. Huna kitu kingine cha kuficha."

Hakuwa nacho, kweli. Nguo pekee zilizokuwamo ndani ya kanta ni ovaroli ya machungwa yenye mistari ya kung'aa, na mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa TAKA HATARI. Kimeli aliivaa akarudi hemani. Zacheus alimzunguka nyuma, akasoma kwa sauti, akamgeukia Kipruto.

"Ofisa wa mazingira?"

Kipruto, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia tangu abatizwe, aliinama akaanza kukaza kamba za viatu vyake.

"Mzee, tulikudanganya, na kosa ni langu," Kimeli alisema. "Mimi ni mtu wa takataka. Zile ambazo zinaua. Ninazichukua kwa watu nazipeleka mahali haziwezi kudhuru mtu. Niliona aibu kukuambia. Basi, ndiyo hiyo kazi yangu."

Zacheus alibaki akimtazama Winny, ambaye alikuwa amenyunyizia vumbi la mbao pale palipomwagika, akalizoa hadi tone la mwisho, na sasa analitumbukiza pipa la buluu ndani ya pipa jingine kubwa zaidi, sinendet na vyote. Chepyegon akafuata kikombe chake kwa macho kilipoingia humo. Winny aliuliza maji ya kuoshea pipa yalimwagwa wapi. Priscillah akamwonyesha nyuma ya zizi, na hapo pakazungushiwa utepe, ikaagizwa ndama wahamishwe hadi udongo upimwe. Kisha Winny akatoa karatasi ya kubandika na kalamu.

"Ndani kuna nini? Niandike maziwa na mabaki ya dawa?"

"Maziwa?" Priscillah alisogea. "Maziwa iko kwa kila mtu. Hiyo ni mursik. Andika mursik."

"Sawa, mama. Mursik."

"Ya Priscillah."

Winny alimtazama Kimeli. Kimeli akaitikia kwa kichwa, kama alivyofundishwa na baba mdogo wake. Na hivyo ndivyo kanta ya taka hatari ilivyoondoka Mogogosiek ikiwa imebeba, kwa maandishi, mursik ya Priscillah, na mwenye mursik akaisindikiza kwa macho hadi ilipopanda barabarani. Halafu akageuka akaondoka bila kusema kitu, akapotea upande wa chai.

Hapo kicheko kikaisha. Watu walirudi vitini, na ikaonekana wazi kwamba hakuna kinachoweza kuendelea. Vibuyu vya Priscillah vilikuwa vimening'inia jikoni vikavu. Maziwa yote yalikwenda kwenye pipa. Kipruto alisimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba kijana wao amekosea mila, amemkatalia mama mkwe kikombe, na kwamba ukoo wa Chebunyo uko tayari kuleta kondoo wa kuomba msamaha.

Chepyegon alimsikiliza hadi mwisho. "Kondoo ya nini?" alisema. "Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa na hiyo kitu hapa," akagusa masharubu yake. "Leo nimepona. Lakini, ndugu yangu, mimi nitafanya nini? Koito bila mursik sijawahi kuona. Na mwenye mursik ameondoka na uchungu. Labda tupange siku ingine."

Siku nyingine! Kimeli aliwajua wazee vya kutosha. Siku nyingine ni adabu ya kusema hapana. Nelvine alikuwa amekuja kusimama kando ya nguzo ya hema, na safari hii hakumtupia jicho kali. Alikuwa akiuma kidole. Kimeli alitazama mikono ya ovaroli yake. Hakujuta, na hilo lilimshangaza. Alihuzunika tu, huzuni nzito, ya mtu aliyefanya lililo sawa akalipwa kwa hasara.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kugonga hema wakati Priscillah alipotokea katikati ya chai, amelowa mabega, kitambaa cha dhahabu kimepinda. Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja Chepngetich, jirani wa ng'ambo ya kijito, na kila mmoja alikuwa amebeba kibuyu kikubwa kifuani.

Wanawake wa jikoni walipigana viwiko. Watu wa Chebunyo hawakuelewa, lakini kila mtu wa Mogogosiek alielewa. Tangu harambee moja ya kanisa, ambapo mchungaji alikunywa mursik ya Chepngetich akaomba ya pili, Priscillah hakuwa amevuka kile kijito kwa jambo lolote dogo kuliko matanga. Kuomba mursik? Angeomba macho kwanza. Na leo alikuwa ameenda kwa miguu yake, mvuani, akabisha hodi.

Hakumpelekea Chepyegon. Alipita mbele ya wazee wote, wa kwake na wa ugenini, akasimama mbele ya ovaroli ya machungwa. Alijaza kikombe akakinyosha kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kibuyu," alisema. "Uko na swali?"

"Sina, mama."

"Kunywa."

Kimeli alikunywa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, laini, yenye moshi wa mbali na uchachu wa kuamsha mdomo, na alipokiteremsha kikombe hakikuwa na tone. Aliinua macho akakuta Priscillah anamtazama upande huu na Chepngetich anamtazama upande ule.

"Wewe ni mtu wa kusema ukweli," Priscillah alisema. "Tumeona. Sasa sema. Hii na yangu, gani tamu?"

Kipruto alifumba macho akaanza kuomba.

"Mama," Kimeli alisema, "yako sijawahi kuonja."

Kitu kikacheza kwenye pembe ya mdomo wa Priscillah. Alichukua kile kikombe kitupu, akakigeuza kuhakikisha, kisha akawageukia wazee.

"Mmesikia?" aliwaambia. "Mtu hawezi kuoa kwangu kama hajaonja mursik yangu. Na mursik ya kweli inataka wiki nzima ndani ya kibuyu. Kwa hivyo zungumzeni hiyo ng'ombe yenu haraka mumalize leo, kwa sababu Jumamosi ijayo sandana wangu anarudi hapa kukunywa."

Sandana ni mkwe, na neno hilo mama hamwazimi mtu wa kupita. Nelvine alikaa chini palepale kwenye nyasi zilizolowa, akajifunika uso kwa mikono. Kipruto aliinuka, akanyosha koti lake, sauti yake ikamrudia, na wazee wakavuta viti vyao karibu.